Hesabu ya madume

Masika yakianza, Arusha hujaa magari ya utalii yasiyokwenda popote. Yanapandishwa kwenye jeki, springi zinafunguliwa, shokapu zilizochoshwa na makorongo ya Serengeti zinatupwa pembeni, na madereva wake, ambao miezi mingine huwapati hata kwa simu, wanashinda kwenye mabenchi wakinywa kahawa. Kijiwe ninachokwenda mimi kiko Sakina, nyuma ya gereji. Ukitaka kusikia habari za simba, nenda pale mwezi wa nne mvua ikipiga mabati. Hapa mjini hutazipata kwingine kwa utamu ule, na ile hifadhi yenye jina la mkoa wetu, pale chini ya Mlima Meru, haina simba hata mmoja.

Ubishi wa mwaka 2023 sijausahau. Mwezi wa tatu zilitoka habari kwamba Bob Junior, mmoja wa simba waliopigwa picha nyingi kuliko wote Serengeti, ameuawa na madume vijana. Yeye na nduguye Tryggve walikuwa wameshika eneo la Namiri, mashariki ya hifadhi, kwa miaka kadhaa. Mitandaoni watu waliomboleza kama wamefiwa na jirani. Wengine walihoji kwa nini askari wa uhifadhi hawakuingilia kati. Pale kijiweni, mzee mmoja aliyeanza kazi hii enzi za Land Rover za kuwasha kwa hendeli aliufunga mjadala kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Watu wakaitikia, kahawa ikazunguka.

Mimi sikusema kitu, ila methali ile imenikaa kooni tangu siku hiyo. Ni ya ng'ombe. Kwa simba mambo ni kinyume: madume wawili wasipokaa zizi moja, zizi lenyewe wanalikosa.

Tuanze na mwenye nyumba. Kundi la simba ni la majike. Mama, binti, dada, shangazi wa upande wa mama, bibi aliyebakiza meno matatu: hao ndio wenye ardhi, wanazaliwa pale na wengi wao wanafia pale. Dume ni mpangaji. Anaingia kwa nguvu, kodi yake ni ulinzi, na mkataba wake kwa kawaida ni miaka miwili au mitatu, basi. Hadithi za babu zetu zilimpa ufalme, na matangazo ya utalii yakamwongezea taji, lakini mfalme gani huyo anayefukuzwa na miguu minne mingine iliyopita njiani usiku? Kila mpangaji wa Arusha anaielewa hali yake kuliko anavyoielewa mfalme yeyote.

Mpangaji huyu anatoka wapi? Alizaliwa kwenye kundi kama wenzake, akalelewa, na alipofika kati ya miaka miwili na minne akatimuliwa, mara nyingi na madume wapya walioingia. Kuanzia hapo hana kwao. Anatembea, anawapora fisi mizoga yao, anawinda vibaya, analala kichakani. Akiwa peke yake, nafasi yake ya kupata kundi ni ndogo mno. Akiwa na kaka au binamu waliofukuzwa naye siku ileile, ana mtaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Haya hayakutoka kijiweni tu. Utafiti wa simba wa Serengeti ulianzishwa na George Schaller mwaka 1966, na kuanzia 1978 Craig Packer na Anne Pusey waliuendeleza kwa miongo, wakimtambua kila simba kwa vidoa vya mashina ya sharubu zake. Walichokiona, mwaka baada ya mwaka, ni hesabu. Madume wawili wanashika kundi kwa muda mfupi. Watatu wanashika zaidi. Wanne, watano, sita wanashika makundi mawili au matatu kwa pamoja, na kila mmoja wao, kwa wastani, anapata watoto wengi kuliko angepata akiwa kwenye ushirika mdogo, yaani kikosi cha madume wachache wanaoshika kundi pamoja. Manyoya, sauti na ukali vina kazi yake, ila kwanza wanahesabiwa vichwa.

Na simba wanahesabu, hilo si neno la kupamba. Miaka ya 1990 mwanzoni, Karen McComb na wenzake walibeba spika hadi porini wakawachezea majike ngurumo za simba wageni: mara ya mmoja, mara za watatu kwa pamoja. Majike waliosikia mmoja walisogea kupambana. Waliosikia watatu walitazamana kwanza, wakapima wako wangapi, na kama hawakuzidi, wengi walibaki walipo. Jaribio jingine linanigusa zaidi. Majike wenye watoto wadogo walichezewa ngurumo za baba wa watoto wao, hawakushtuka. Walipochezewa ngurumo za dume mgeni waliinuka, wakakusanya watoto, wengine wakaondoka nao haraka.

Wanakimbia kwa sababu wanajua kinachofuata. Madume wapya wakishinda, kazi ya kwanza ni kuua watoto wachanga. Watalii hugeuza uso, na wapo waongozaji wanaopunguza makali ya habari hii kwa sababu ya bahashishi. Lakini ukiielewa kalenda ya simba, unaona inatoka wapi. Jike mwenye mtoto hapandwi tena hadi mtoto afikishe karibu mwaka na nusu au miwili. Mpangaji ana miaka miwili au mitatu tu mkononi. Akisubiri watoto wa mwenzake wakue, mkataba utaisha hajazaa, au atakuwa na wachanga wasioweza kukimbia siku na yeye atakapopinduliwa. Watoto wakifa, mama anarudi kwenye joto ndani ya siku au wiki chache, na mimba ni takriban siku 110. Karibu robo ya vifo vyote vya watoto wa simba Serengeti vilihusishwa na mapinduzi ya namna hii.

Sisemi majike wanakaa tu. Kundi la majike wanne wakisimama pamoja linaweza kumfukuza dume mmoja na kuokoa watoto, ambapo jike aliye peke yake hawezi. Wenye watoto wakubwa zaidi ya mwaka huhama nao, wakaishi ukimbizini miezi. Halafu kuna jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Baada ya mapinduzi, majike hupandwa sana, tena na tena, lakini hawashiki mimba kwa miezi kadhaa. Packer na Pusey walilieleza hivi: jike anayeonekana yuko tayari huvuta madume wengine eneo lile, wanapigana, na anayebaki mwishoni ndiye mwenye ushirika wenye nguvu ya kukaa hadi watoto wakue. Kwa Kiswahili cha Sakina: mpangaji anapewa ufunguo, ila kwanza anaangaliwa kama ataweza kulipa kodi.

Sasa fuata uzi huu hadi mwisho wake, maana hapa ndipo penye utamu. Kwa kuwa majike wote walipoteza watoto wakati mmoja, wote huzaa karibu wakati mmoja. Watoto wanalelewa pamoja, wananyonya kwa mama yeyote aliye karibu, wanakua kama darasa moja. Miaka mitatu baadaye vijana wa kiume wa darasa hilo wanafukuzwa pamoja. Wakiwa watano, huo tayari ni ushirika wa watano. Kwa maneno mengine, mapinduzi makubwa yanazaa jeshi litakalofanya mapinduzi makubwa ya kesho. Anayemuona dume mmoja amelala juu ya jiwe na kumwita mfalme anaona ncha ya pembe, ng'ombe mzima yuko nyuma ya boma.

Kwenye ushirika huo mkubwa, hata hivyo, mgawo si wa haki. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 1991 vilionyesha kwamba madume wakizidi watatu, wachache ndio wanaopata watoto, wengine wanabaki walinzi tu. Ndiyo maana ushirika wa wanne na kuendelea huwa wa ndugu watupu: ukikosa wewe, damu yako inapita kwa kaka. Wawili au watatu wanaweza kuwa watu baki waliokutana njiani, kwa sababu wakiwa wachache kila mmoja anaambulia kitu. Wanasiasa wetu wa vyama vya kuungana wangeweza kukaa darasani hapa, lakini niwaache.

Februari mwaka jana dereva mmoja wa kijiwe chetu alinichukua hadi Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, nimekaa mbele kama utingo. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Tuliwakuta madume watatu chini ya mgunga. Manyoya yao ya shingoni yalikuwa mafupi, yamesimama ovyo kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Pua zao zilikuwa bado na wekundu mwingi, maana pua ya simba huingia weusi kadiri anavyozeeka. Mmoja alikuwa na jeraha pajani, bichi, upana wa kiganja, nzi wamelitanda. Mwenzake alimlamba uso, si jeraha, polepole, kuanzia kwenye paji kushuka. Wa tatu alikaa pembeni amewapa mgongo, akitazama mashariki, na kila baada ya muda masikio yake yalisimama kwa kitu ambacho sisi hatukukisikia.

Dereva alizima injini. "Hawa hawana kwao, kaka."

Nikamuuliza kama usiku walinguruma.

"Wathubutu? Anayenguruma ni mwenye eneo. Hawa wakifungua mdomo wamejitangaza."

Tulikaa nao karibu saa nzima. Yule mwenye jeraha alijaribu kusimama mara mbili, mara ya pili akaweza, na wenzake wote wawili wakainuka papo hapo, kana kwamba walikuwa wakimsubiri yeye. Wakaondoka kwa mstari, majeruhi katikati. Sijawahi kuona mafahali wakitembea hivyo.

Ukitaka kujua mmoja akikosekana inakuwaje, iko habari ya C-Boy, ambayo watafiti wa Serengeti waliishuhudia Agosti 2009. C-Boy alikuwa na mwenzake, Hildur, wakishika kundi lililoitwa Jua Kali. Siku hiyo alikutwa peke yake na madume watatu wa ushirika uliobatizwa jina la Wauaji. Wakamzunguka, mmoja mbele akimshughulisha, wengine wakimng'ata kiunoni. Aliponea chupuchupu. Kundi wakalipoteza. Lakini yeye na Hildur walikuwa bado wawili, wakajikusanya, wakapata makundi mengine, na C-Boy akaishi hadi 2018. Huyo ndiye simba aliyekuwa na manyoya meusi ya kupendeza, na kuhusu hayo pia kuna utafiti: Peyton West na Packer mwaka 2002 walieleza jinsi walivyoweka vinyago vya simba dume porini, vingine vya manyoya meusi, vingine vya rangi hafifu. Majike walivifuata vyeusi, madume wakavikwepa. Weusi ni dalili ya lishe na homoni. Hata hivyo weusi wote ule haukumsaidia C-Boy asubuhi ile mmoja alipokutana na watatu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waliolilia Bob Junior, na pia na mzee wa methali. Kifo chake hakikuwa dosari ya hifadhi. Ndiyo kazi ya hifadhi: kuacha mahali ambapo madume wazee wanapinduliwa na vijana kwa kanuni zao wenyewe. Alikuwa na karibu miaka kumi, umri ambao madume wengi wa porini hawaufikii. Askari angeingilia vipi? Amfukuze nani, ampe nani kundi? Na vijana wale nao wana mama, tena huenda kuna siku mama yao aliwakimbiza wakiwa wadogo kuwaokoa na madume kama Bob.

Machozi yangekuwa na maana zaidi kama yangemwagwa nje ya mpaka wa hifadhi. Dume mmoja akifa kwa sumu iliyowekwa kwenye mzoga wa ng'ombe, au kwenye mtego wa waya, au kwa risasi, tunaandika: simba mmoja. Hesabu hiyo si sahihi. Kama alikuwa mmoja kati ya wawili, aliyebaki amekuwa mmoja, na jirani zake wenye watatu watalijua hilo kwa ngurumo ndani ya usiku chache. Kundi litapinduliwa kabla ya wakati wake, watoto watauawa, majike watahama, pengine kuelekea huko huko kwenye maboma. Sumu inayomuua dume mmoja Simanjiro inaweza kuua watoto wanane ambao hawakuwahi kuona ng'ombe.

Nisitie chumvi. Mwaka 2015 Zimbabwe, simba dume maarufu Cecil alipouawa na mwindaji nje ya hifadhi ya Hwange, dunia nzima ilitangaza kwamba watoto wake wamekwisha. Hawakuisha. Mwenzake Jericho, ambaye hata hakuwa ndugu yake wa damu, alibaki na kundi na watoto wakaendelea kuishi. Mbia mmoja mwenye nguvu anaweza kushikilia nyumba. Ila hilo linaipa nguvu hoja yangu: kilichookoa watoto ni kwamba walikuwa wawili. Angekuwa peke yake tangu mwanzo, kungebaki nani?

Kwa uwindaji wa kitalii, Tanzania angalau ilisikiliza hesabu hii. Kanuni zetu zinataka simba anayewindwa awe na miaka sita au zaidi, na msingi wake ni kazi ya Karyl Whitman, Packer na wenzao ya mwaka 2004: dume wa umri huo kwa kawaida ameshakuza angalau darasa moja la watoto, kwa hiyo kumtoa hakuvurugi sana. Pua niliyoiona Ndutu ndiyo mojawapo ya vipimo vya umri huo. Ni kanuni nzuri kwenye karatasi. Porini, mwenye bunduki amelipa maelfu ya dola, siku zake zinakwisha, na dume aliye mbele yake ana pua nusu kwa nusu. Hapo anayeamua ni mwongoza uwindaji na dhamira yake.

Kwa mfugaji sina ubavu wa kuhubiri. Aliyeamka akakuta ng'ombe watatu wamechanwa zizini hadaiwi na mtu yeyote somo la ushirika wa madume. Pale Nyanda za Wamasai, mashariki ya Tarangire, kilichosaidia ni boma lenye waya na miti hai iliyopandwa kama nguzo, ambalo simba halipenyi. Usiku ng'ombe wanalala, na morani hana sababu ya kuchukua mkuki asubuhi. Shilingi inayowekwa kwenye boma inalinda ushirika wa madume kuliko shilingi inayowekwa kwenye bango la barabarani lenye picha ya simba.

Kuna upande wa pili wa hesabu, nao uko Ngorongoro. Mwaka 1962 nzi waumao walilipuka ndani ya kreta baada ya mvua nyingi, simba wakabaki kama kumi. Madume saba wakaingia kutoka nje, kundi likajaa tena upesi. Kisha, baada ya 1969, kwa zaidi ya miaka ishirini watafiti hawakuona dume mgeni akishika kundi mle ndani. Wa ndani walikuwa wengi, wamenona, ushirika wao mkubwa, mlango umefungwa. Walishinda kupita kiasi, na gharama yake ilikuwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Vijana wasio na kwao, kama wale watatu wa Ndutu, ndio waliotakiwa kuteremka ukingo ule wakiwa na damu mpya. Lakini ili wateremke lazima kwanza wavuke maeneo yenye watu na mifugo, na wavuke wakiwa watatu, si mmoja.

Ndiyo sababu ningependa taarifa zetu za simba zibadilike sura. Tanzania inajisifu, na kwa haki, kuwa na simba wengi kuliko nchi yoyote. Tunahesabu vichwa. Taasisi ya utafiti wa wanyamapori iko hapa hapa Njiro. Kwa nini tusiambiwe pia makundi ya ushirika wa madume ni mangapi, yana wastani wa madume wangapi, na mkataba wao unadumu muda gani? Eneo lenye madume ishirini wanaoishi wawiliwawili na kupinduana kila mwaka halifanani na eneo lenye madume kumi na wawili katika ushirika wa wannewanne, hata kama la kwanza linapendeza zaidi kwenye jedwali.

Wiki iliyopita mvua ilianza, nikaenda Sakina. Gari la rafiki yangu lilikuwa juu ya jeki, gurudumu moja limetolewa. Aliponiona alifuta mikono kwa matambara, akatoa simu, akanionyesha picha aliyopiga wiki tatu nyuma, si mbali na pale tulipokuwa. Kovu pajani, upana wa kiganja, limeota manyoya mepesi. Manyoya ya shingoni yamerefuka, yameanza kuingia giza. Kando yake mwingine amelala chali.

"Wa tatu yuko wapi?"

Akaivuta picha kwa vidole, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Labda alikuwa nyuma ya gari," akasema, kisha akaagiza kahawa nyingine.